Kutafuta Neno kwa Herufi Zake: Historia ya Mpangilio wa Kamusi na Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ikisiri

Makala hii inachunguza kihistoria namna msomaji anavyolifikia neno ndani ya kamusi pale anapojua baadhi tu ya herufi zake. Katika Kiingereza, kutafuta maneno yenye herufi fulani kumechukuliwa zaidi kuwa mchezo. Makala inadai kuwa katika Kiswahili, na zaidi katika Kihehe na Kibena, kazi hiyo hiyo ni hitaji la msingi la mtumiaji wa kamusi, kwa kuwa mwanzo wa neno katika lugha hizi hubeba sarufi kabla ya kubeba maana. Mifano imechukuliwa kutoka mapokeo ya Kiarabu, leksikografia ya Kiswahili ya karne ya 20, na mazingira ya Mafinga na wilaya ya Mufindi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Mafinga, makao makuu ya wilaya ya Mufindi, umekaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia, yapata kilomita 80 kusini-magharibi mwa Iringa. Ni mji wa mbao. Msitu wa Sao Hill uko jirani, na neno *mbao* husomeka kwenye vibao vya maduka, kwenye stakabadhi na ubavuni mwa malori. Mwanafunzi anayetaka kulijua neno hilo zaidi akafungua kamusi kwenye herufi M, hajafika bado. Kwa kanuni ya kamusi, nomino huingizwa kwa umbo la umoja, na umoja wa *mbao* ni *ubao*. Hivyo hana budi kwenda U. Akitaka pia *bao*, ataenda B. *Kibao* kipo K. Wingi wa hayo, *mabao* na *vibao*, haumo kabisa isipokuwa kwa kurejea umoja wake. Herufi tatu, b-a-o, zimetulia mahali pake katika maumbo yote sita, lakini mpangilio wa kialfabeti hauzitazami hizo. Unatazama kilichotangulia.

Tatizo hili limejadiliwa mara nyingi na wanaleksikografia wa lugha za Kibantu kama suala la kiufundi: je, vidahizo vipangwe kwa mzizi au kwa neno zima? Lakini suala lenyewe lina historia ndefu kuliko kamusi za Kibantu, na historia hiyo haikuanzia Ulaya.

2.0 Al-Khalil na mizunguko ya herufi

Katika karne ya 8, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni wa Basra ambaye mapokeo yanamhesabu kuwa mwenye asili ya Oman, aliasisi kamusi ya kwanza ya Kiarabu iliyokusudia kuikusanya lugha yote, *Kitab al-'Ayn*. Mpangilio wake hauanzii alifu. Aliziweka konsonanti kwa mahali zinapotamkiwa, akianza na zile za kooni, na ndiyo sababu kitabu kikaitwa kwa herufi *'ayn*. Jambo linalohusu makala hii ni hatua yake ya pili. Chini ya kila kundi la herufi aliweka mizunguko yake yote. Herufi tatu, tuseme k-t-b, zinaweza kupangwa kwa njia 6. Nne kwa njia 24. Tano kwa njia 120. Kila mpangilio aliupitia, akaainisha unaotumika na Waarabu na ule uliotelekezwa.

Hesabu inayonasibishwa kwake inashangaza kwa usahihi. Kwa herufi 28 bila kurudia herufi yoyote, mizizi ya herufi mbili inayowezekana ni 756, ya tatu 19,656, ya nne 491,400 na ya tano 11,793,600, jumla 12,305,412. Kwa lugha ya leo, al-Khalil aliuliza: ni maneno yapi yaliyomo katika lugha yenye herufi hizi, kwa utaratibu wowote ule? Hilo ndilo swali la mtu anayecheza michezo ya maneno ya Kiingereza, ila yeye aliliuliza kwa ajili ya elimu, na zaidi ya miaka 800 kabla Uingereza haijapata kamusi yake ya kwanza ya lugha moja.

Waliomfuata walitafuta njia nyepesi. Ibn Durayd aliihifadhi mizunguko lakini akairudisha kwenye alfabeti ya kawaida. Huyu ndiye aliyeukimbia mji wa Basra wakati wa uasi wa Zanj na kupata hifadhi Oman, jambo ambalo wanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki wangeweza kulitilia maanani zaidi. Al-Jawhari, mwishoni mwa karne ya 10, alipanga mizizi kwa herufi ya mwisho, na mpangilio huo ukawafaa sana washairi waliotafuta vina.

Mapokeo haya yaliifikia pwani pamoja na hati ya Kiarabu, lakini mbinu zake za kamusi hazikuhamia kwenye Kiswahili. Sababu haiko mbali. Mzizi wa Kiarabu ni kiunzi cha konsonanti na irabu hupita kati yake. Mzizi wa Kibantu una irabu ndani yake na viambishi pande zote mbili. Hata hivyo maneno ya mkopo yalibaki na kumbukumbu ya kiunzi hicho. *Kitabu*, *katibu*, *maktaba* na *mkutubi* yametawanyika katika kamusi ya Kiswahili chini ya K na M, na msomaji asiyejua Kiarabu haonyeshwi udugu wake. Kiswahili chenyewe kimekwisha kuuvunja: silabi *ki-* ya *kitabu* ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, wingi ukawa *vitabu*, na herufi ya kwanza ya mzizi ikatoweka. Anayetafuta mzizi wa neno hilo kwa kanuni ya Kibantu atafika kwenye *tabu*.

3.0 Alfabeti kama elimu ya kutosha

Robert Cawdrey alipochapisha *A Table Alphabeticall* mjini London mwaka 1604, ilimpasa kuwafundisha wasomaji namna ya kukitumia kitabu: wajifunze kwanza mfuatano wa herufi, kisha watazame neno lao linaanzia herufi gani. Maelekezo hayo yanaonekana ya kitoto leo. Lakini yana ahadi kubwa ndani yake, kwamba anayeijua alfabeti hahitaji elimu nyingine yoyote ili alifikie neno. Kwa Kiingereza ahadi hiyo inakaribia kutimia kwa sababu sehemu kubwa ya viambishi vya kisarufi katika lugha hiyo huja mwishoni. *Book* na *books* hukaa ukurasa mmoja.

Ahadi hiyo haimfikii kikamilifu mwanafunzi aliyezoea othografia ya Kiswahili, ambamo sauti na herufi huenda pamoja. Huyu akisikia *knife* darasani, ataitafuta chini ya N. *Write* ataitafuta chini ya R. *Psychology* chini ya S. Herufi ya kwanza ndiyo hasa asiyoisikia. Lakini zilizobaki anazo. Akiweza kuuliza ni maneno gani ya Kiingereza yaliyo na mfuatano n-i-f, ataletewa *knife*, na pamoja nayo *uniform*, *magnify* na *significant*, kisha akili yake itachagua. Kwa hiyo utafutaji wa maneno ya Kiingereza kwa herufi zilizomo, ambao kwa mzawa wa lugha ni burudani, kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza ni daraja.

Uzito wa jambo hili katika Nyanda za Juu Kusini una historia yake. Shule ya Malangali, iliyomo leo katika wilaya ya Mufindi, ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya W. Bryant Mumford kama jaribio la kuoanisha elimu ya serikali na maisha ya jamii za eneo hilo, na mwaka 1930 Mumford alilieleza jaribio hilo katika jarida la *Africa*. Tangu siku hizo mtoto wa Uhehe au Ubena amekuwa akivuka lugha mbili kabla ya kuifikia elimu ya juu: ya nyumbani kwenda Kiswahili, na Kiswahili kwenda Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwanasiasa wa Njombe, ilipendekeza kivuko cha pili kiondolewe na Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Badala yake kulikuja mradi wa kuimarisha Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, pamoja na vitabu vya ziada vya kusoma. Kamusi ikaendelea kuwa chombo ambacho mwanafunzi hukihitaji kila siku, na ambacho mlango wake unafunguka kwa herufi asiyoijua.

4.0 Mchezo na hesabu ya herufi

Inafaa kuugusa mchezo wenyewe. Alfred Butts wa New York, aliyebuni katika miaka ya 1930 mchezo ambao mwaka 1948 James Brunot aliupa jina Scrabble, aliamua idadi ya kete za kila herufi kwa kuhesabu herufi katika kurasa za magazeti. Matokeo yake ni picha ya Kiingereza cha Marekani kilichochapishwa: kati ya kete 100, E ni 12, A ni 9, na K ni moja tu. Ukiliweka sanduku hilo mbele ya Waswahili, lugha yao inakataa kuingia. Bila kutumia kete tupu, *kuku* haiandikiki, wala *kaka*. Q na X hazina kazi yoyote, na C haina kazi pasipo H. Sanduku hilo kwa hakika ni takwimu za lugha moja zilizogeuzwa mbao ndogo.

Michezo ya Kiswahili yenyewe imependelea silabi kuliko herufi. Kinyume, unaojulikana katika maandishi kuhusu Kiswahili tangu karne ya 19, huhamisha silabi ya mwisho na kuitanguliza, *nyumba* ikawa *mbanyu*. Msikilizaji wa kinyume halazimiki kujua kusoma. Hata hivyo herufi za Kiswahili nazo zina mizunguko ambayo al-Khalil angeifurahia: *simba* na *msiba* zina herufi zile zile tano, na herufi nne a, i, l, m hutoa *lima*, *mali*, *mila* na *imla*. Kanuni inayotumiwa na programu za kompyuta kukusanya maneno ya namna hii ni nyepesi: herufi za kila neno hupangwa kialfabeti, na maneno yanayotoa mfuatano mmoja huwekwa pamoja. *Simba* na *msiba* yote yanakuwa a-b-i-m-s.

5.0 Kamusi za Kiswahili na maarifa zinayomdai msomaji

Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa 1882, na A. C. Madan, aliyetoa kamusi yake ya Kiswahili-Kiingereza mwaka 1903, waliandika kwanza kwa ajili ya wageni: wamisionari, maofisa na wafanyabiashara. Kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan na kutolewa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930, ilikusanya minyambuliko ya kitenzi, na mara nyingi hata nomino zilizotokana nacho, chini ya kitenzi chenyewe. Huo ni mpangilio wa msomi. Unamwonyesha mtafiti kwamba *penda*, *pendeza*, *mpenzi* na *upendo* ni ukoo mmoja. Unamtaka pia awe ameujua ukoo huo kabla hajaanza kutafuta.

*Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI, iliyotoka 1981, iliandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Waswahili. Ilichagua njia ya kati: nomino kwa umbo la umoja, kitenzi kwa shina lake, na minyambuliko ya kitenzi ikifuatia kwa vifupisho. Ni uamuzi wa busara, na haielekei kwamba ungekuwapo ulio bora katika kitabu cha karatasi. Lakini gharama yake haikusemwa wazi. Anayekutana na *hawakunipikia* lazima avue viambishi vinne mwanzoni na kimoja kabla ya irabu ya mwisho ndipo apate *pika*. Anayekutana na *ndimi* lazima ajue kuwa ni wingi wa *ulimi*. Cawdrey alimdai msomaji alfabeti tu. Kamusi ya Kiswahili inamdai alfabeti, ngeli na mnyambuliko. Mzawa wa Unguja anayo yote matatu bila kufundishwa. Mtoto wa Mufindi aliyekulia katika Kihehe anajua ngeli, ila si zile zile.

Utafutaji kwa herufi zilizomo unaonekana kuwa tiba, na kwa sehemu ni tiba. Herufi p-i-k zitampata *hawakunipikia*. Hazitampata *mpishi*, kwa sababu k imekuwa sh. Wala i-b haimpati *mwizi*, wala *pend* haimpati *mpenzi*. Hapa Johnson anashinda. Upande wa pili, mfuatano b-a-o utaleta *ubao* na *kibao*, lakini utaleta pia *mwambao*, na mamia ya mara utaleta *ambao*, neno lisilohusiana na mti wala msumeno. Ndiyo maana watafiti wa Kiswahili cha kompyuta hawakuishia kwenye herufi. Arvi Hurskainen wa Helsinki, akitumia nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi ya 1983, alieleza mwaka 1992 mfumo unaochanganua neno la Kiswahili hadi kwenye mzizi na kila kiambishi chake. Mfumo kama huo unamvulia msomaji viambishi ambavyo kamusi ya 1981 ilimtaka avivue mwenyewe.

6.0 Jina moja, herufi nne

Mahali ambapo suala hili limeacha alama nzito zaidi ni kwenye majina. Nchi yenyewe huitwa Uhehe, mtu mmoja Mhehe, watu Wahehe au Vahehe, lugha Kihehe, na wanaisimu huandika Hehe. Katika faharasa ya kitabu cha Ulaya, mada hiyo moja inaweza kukaa chini ya U, M, W, V, K au H. Mtafiti asiyeifuata mizizi atarudi na robo ya habari.

Zaidi ya hapo ni jina la mtawala. Mkwawa, ambalo husemwa kuwa kifupisho cha Mkwavinyika, katika maandishi mengi ya Kijerumani limeandikwa Quawa. Herufi pekee ambazo maumbo hayo mawili yanashirikiana kwa mfuatano ni a-w-a. Aliyepigana Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambaye ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894 na ambaye alijiua tarehe 19 Julai 1898, anakaa katika nyaraka za upande mmoja chini ya Q na za upande mwingine chini ya M. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919, iliyodai fuvu lake lirudishwe, ilitumia umbo la M. Gavana Edward Twining alipolitafuta fuvu hilo katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953, alitegemea vipimo vya mafuvu akivilinganisha na vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai. Mwaka uliofuata fuvu lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga. Haiwezi kudaiwa kwamba tahajia peke yake ndiyo iliyochelewesha jambo hilo kwa miaka 35, siasa zilitosha. Lakini mwanafunzi wa historia anayefanya kazi na nyaraka hizo leo kwa mashine ya kutafutia bado hupoteza nusu ya ushahidi akiandika *Mkwawa* pekee.

7.0 Kihehe, Kibena na irabu tangulizi

Lugha za eneo hili, ambazo Guthrie aliziorodhesha kama G62 kwa Kihehe na G63 kwa Kibena, zinalipeleka tatizo mbele kuliko Kiswahili. Nomino zake hubeba irabu kabla ya kiambishi cha ngeli: mtu ni *umunu*, watu *avanu*. Irabu hizo ni a, i na u. Orodha inayoandika nomino kama zinavyotamkwa na irabu zake, ikafuata alfabeti kikamilifu, itazijaza nomino karibu zote katika sura tatu, na kurasa nyingine kubaki na vitenzi na masalio. Irabu ikiondolewa, nomino hujazana chini ya viambishi: *mu-*, *va-*, *ki-*, *li-*. Viambishi navyo vikiondolewa, *umunu* inakuwa *-nu*, na mtumiaji wa kawaida hatakisia kamwe kwamba mtu anapatikana chini ya N.

Kazi za mwanzo juu ya Kihehe zilifanywa mapema sana. Carl Velten alichapisha maelezo ya lugha hiyo katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin mwaka 1899, na Cassian Spiss, Mbenediktini ambaye baadaye alikuwa askofu na akauawa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, akatoa orodha yake ya maneno katika jarida hilo hilo mwaka 1900. Wasomaji waliokusudiwa walikuwa Berlin na katika vituo vya misheni. Kwa hao, neno la kuanzia lilikuwa la Kijerumani, na alfabeti iliwatosha.

Kwa msomaji wa Mafinga anayeanza na neno la Kihehe alilolisikia kwa bibi yake, hifadhidata inayopokea herufi popote zilipo ndani ya neno ingekuwa na manufaa kuliko orodha yoyote iliyopangwa. Kingebaki kikwazo kimoja ambacho mizunguko ya al-Khalil, kete za Butts na alfabeti ya Cawdrey havikukiwazia. Kihehe na Kibena ni lugha za toni, na tahajia za kawaida haziandiki toni. Mtafutaji anaweza kuwa na herufi zote mkononi, zikiwa kamili na kwa mfuatano wake, na bado mashine isijue ni neno gani alilolisikia.